Tumbaku ya Msiba

Mama yangu,

Shikamoo. Matanga yako yamekwisha leo, watu wametawanyika. Sijalia. Shangazi ananitazama kwa jicho la pembeni kama vile nimekuibia kitu.

Unakumbuka tulivyoacha tumbaku? Dresa, yule mganga msaidizi wa misheni, alikisikiliza kifua chako, akasema hicho kiko kitakuua. Ukanuna njia nzima hadi hapa Kinampanda. Kesho yake ukashika jembe, ukang'oa miche yote ya tumbaku kule kwenye zizi la zamani, ukapanda maboga. "Na wewe uache," ukaniambia. "Siwezi kuacha huku unanipulizia moshi puani." Tukaacha wote. Tulikuwa wakali kama nyuki, baba akawa anakula haraka haraka na kutoka. Lakini maboga yalizaa mpaka tukachoka kuyala, na kikohozi chako kikapungua.

Kisha tarishi wa jumbe akaja na habari za kaka Yohana, kwamba hatarudi kutoka vitani Burma. Kwetu haendi mtu msibani mikono mitupu; kina mama wakaja, kila mmoja na tumbaku yake. Shangazi akakujazia kiko. "Vuta, wifi, moyo ushuke." Ukavuta. Nilipokuuliza kama umeshuka, ukasema, "Bado. Labda nikivuta kingine." Uliendelea kusema hivyo mpaka kifua kikakushinda.

Safari hii wamekuja walewale, na tumbaku ileile. Shangazi akajaza kiko chako, akanipa mimi. "Vuta, mwanangu, moyo ushuke." Hana ubaya, alikupenda. Nikakishika. Nilikitaka, mama, sikufichi. Nikautafuta huo moyo uliopanda, sikuuona. Nina ganzi tu, tangu tulipokufukia. Nikaogopa kwamba nikivuta nisipate kitu, na mimi nitasema bado, labda kingine. Nikamrudishia. Akasema mbele ya watu kwamba sina uchungu na mama yangu.

Jioni hii nimeichimbia tumbaku yote kule zizini, ioze iwe mbolea. Mvua zikianza nitapanda maboga.

Pumzika, mama. Msalimie Yohana. Kilio kikija, kitanikuta sina kiko mdomoni.

Ni mimi binti yako, uliyeacha naye tumbaku.