Jiko la Chokaa

Shoga Riziki, nimechoka, na aibu imenijaa. Leo nimekaa katikati ya kiwanja juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kota nzima inanitazama!

Si unajua nyumba zetu zinajengwa upya na kesho wanachimba msingi? Faraja, yule binti msanifu, kanichorea jiko langu chini kwa chokaa, ukubwa wake halisi. Anasema Wajerumani, huko kwao Ulaya, waliwajengea wafanyakazi wao hivi miaka mia iliyopita: nyumba za safu, jua kila dirisha, kibustani nyuma, na jiko la mtu mmoja ili asitembee sana.

Mtu mmoja, shoga!

Nikamwambia, "Mwanangu, hapa hata nazi haikuniki."
"Kwani hapatoshi, bibi?"

Basi nikakaa. Miguu ikavuka ukuta! Hemedi jirani akapiga kelele, "Bibi, miguu yako imefika sebuleni kabla ya wageni!" Wakacheka wote. Na kuinuka siwezi, magoti haya.

Faraja hakucheka. Alipiga magoti mchangani, akafuta ukuta kwa kiganja, akauchora upya mbele ya miguu yangu. Kisha akauliza taratibu, "Na mwenzako wa kupika huwa anakaa upande gani?"

Nikamwonyesha mahali pako.