Kuku Uliyemkataa Siku ya Kikombe

Mwaka umetimia sasa, Coletha mwanangu, tangu utuache hapa nyumbani Maisaka. Mbaazi zimevunwa tena, na wateja wako sokoni bado wanamuulizia yule mama aliyekuwa anapima kilo halafu anaongeza konzi ya juu. Tunawaambia amepumzika. Wengine wanalia, wengine wanasema basi angalau mtuachie ile konzi.

Ulianza kuogelea ukiwa mtu mzima, na watoto wako wakubwa. Nikakuambia ziwani kuna viboko, mwanangu, utaniua kwa hofu. Ukanijibu, "Mama, sisi tunaogelea kwenye bwawa la hoteli. Kiboko wa pale ni mimi." Ulirudi jioni unanuka dawa ya maji, macho mekundu, unacheka peke yako.

Kwenye mashindano ya watu wazima ulikuwa wa mwisho, au wa pili kutoka mwisho. Wale wa Arusha walikuwa wameshajifuta maji, wewe bado unakuja. Lakini ukitoka tu unamkimbilia Mwalimu Rehani mwenye saa ya kuhesabia: "Nimejipita?" Akikuambia muda wako umeshuka, hata kwa sekunde moja, unapiga simu nyumbani. "Mama, kamata kuku!" Ikawa ndiyo desturi ya nyumba hii. Majirani walinishangaa.

"Mama Coletha, mwanao kashinda?"

"Hapana, kawa wa mwisho."

"Sasa kuku wa nini?"

"Wa kujipita mwenyewe. Karibu ule."

Wakala, hawakuuliza tena.

Halafu ikaja siku ya kikombe. Wale wenye kasi hawakuja, ukawa wa kwanza. Gari lilipiga honi kuanzia Nangara mpaka mlangoni kwetu. Baba yako alikuwa ameshamshika kuku miguu, kisu mkononi. Ukasema, "Baba, mwachie huyo. Nimeshinda, lakini nimetumia muda mrefu kuliko mwaka juzi. Na sikuzembea. Mwili umekataa tu."

Tulicheka wote. Mumeo Gidamanyega akasema, "Bingwa gani huyu ananuna na kikombe mkononi?" Na wewe ukacheka. Kuku akaachiwa, akakimbilia nyuma ya nyumba.

Hakuna aliyeuliza kwa nini mwili umekataa, hata wewe mwenyewe. Ukichoka sokoni wanakuambia, "Bingwa haumwi bwana!" Ukihema, tunasema ni mazoezi. Ulipofika hospitali moyo ulikuwa umechoka sana, na daktari alisema ugonjwa umeanza zamani. Saa ya Mwalimu Rehani ilikuwa imeshasema, mwanangu. Kikombe ndicho kilichotuziba masikio.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaosoma haya, mnaoogelea, mnaokimbia, mnaoendesha baiskeli na umri wenu huo. Kushinda kunategemea nani kaja siku hiyo. Muda wako ni wako peke yako. Ukiona umerudi nyuma na hukuzembea, usingoje, nenda ukapimwe. Hata kama una kikombe. Tena ukiwa na kikombe ndiyo uharakishe, maana hakuna atakayekuuliza.

Mdogo wako Frida kachukua miwani yako ya majini na ile kofia ya mpira, nimeshindwa kumzuia. Mwezi uliopita naye akaja na ushindi. Nikamuuliza, "Umejipita?" Akasema, "Mama jamani, si nimeshinda? Muda umeongezeka kidogo tu." Kesho yake asubuhi nilimshika mkono mpaka hospitali, analalamika njia nzima kama mtoto. Wakakuta damu imepungua. Akapewa dawa, na mimi nikamlisha maini na mchicha mpaka akawa ananikimbia.

Jumapili hii kaogelea tena. Kawa wa tano, na walikuwa sita. Simu ikalia nikiwa nachambua mchele. "Mama, kamata kuku!"

Tumemkamata yule yule wako, Coletha, uliyemkataa. Amezeeka, tumemchemsha mpaka kuni zikaisha, na bado Gidamanyega anachokonoa meno. Tumecheka sana, tukakutaja wewe kila tonge.

Wanaokukumbuka ni baba yako Baltazar, mumeo Gidamanyega, wanao Michael na Anjela, mdogo wako Frida, Mwalimu Rehani na waogeleaji wenzako, na mimi mama yako Josephina. Hatutakusahau kamwe. Mtu wa nyumba hii akijipita, hata akitoka majini wa mwisho, wa kwanza kutajwa utakuwa wewe.