Kitanda Bubu cha Fundi Mbwana

Jumatatu, 12 Machi 1956

Baada ya alfajiri nimepita kwa dada yangu Mwanaidi, kama kila siku tangu afiwe. Yumo edani, hatoki. Nimempelekea mkate wa mofa na samaki. Kisha nimekaa kibandani kwa marehemu mumewe, Fundi Mbwana, nikafagia pasipo na takataka. Hakuna tena anayeranda.

Mbao za kitanda cha Saumu zimelala palepale alipoziacha. Matendegu manne, yaani miguu. Mifumbati miwili, zile ndefu za ubavuni. Vitakizo viwili, cha kichwani na cha miguuni. Mvule mtupu. Alizichonga zote wakati wa jua kali, naye anakohoa. Hakuwahi kuziunga.

Saumu ni kitinda mimba wake. Dada zake wote wameolewa wakaenda na vitanda vya baba yao, na yeye aliahidiwa chake. Harusi ni Ijumaa ya tarehe sita Aprili, Kigombe kwa bwana harusi, kabla Ramadhani haijaingia. Mbwana mwenyewe alikubali siku hiyo akiwa mgonjwa, akakataza isisogezwe kwa ajili yake. Kwa hiyo kitanda lazima kisimame. Bado sijui nani atakisimamisha.

Alhamisi, 15 Machi

Nimemwaza Mbwana mchana kutwa.

Vitanda vyake havikulia. Hili linahitaji maelezo. Nyumba zetu za Ngamiani, hapa Tanga, kuta zake hazifiki juu. Upande huu wamelala mume na mke, upande wa pili mama mkwe na watoto. Kitanda kikilia, nyumba nzima inasikia. Ndiyo maana maharusi wengi hutandika mkeka chini, kitanda kikabaki cha kuwekea nguo.

Aliniambia siku moja, "Shemeji, kitanda kikisema, watu wawili hawana tena siri." Alisema huku anapiga msasa, wala hakuinua uso.

Akimaliza kitanda alikikalia. Katikati, pembeni, kila pembe. Alifumba macho kama daktari anayesikiliza kifua. Hakutia hata msumari mmoja. Mti kwa mti.

Na nyumbani kwake! Meza zote zilizo usawa wa kichwa cha mtoto anayeanza kutembea alizivunja ukali wa pembe. Hakula ila na wanawe, sinia moja, na kipande cha samaki alichoshika mkononi kilikwenda kwa mwingine. Nilidhani ni upole tu. Leo naona ni kazi ileile. Aliwafikiria watu kabla hawajaumia.

Jumanne, 20 Machi

Masika imeanza kwa nguvu. Kibanda kinavuja.

Bakari, mtoto wa kiume wa Mbwana, amekuja kutoka Pongwe. Ni fundi wa karakana katika shamba la mkonge, hutengeneza matoroli. Kazi yake ni bolti na misumari. Mikono mizuri, subira kidogo.

Amejaribu kuunga. Ulimi, yaani ncha ya mfumbati au ya kitakizo, unatakiwa uingie katika tundu la tendegu. Hauingii. Amegonga kwa nyundo ya mti mpaka jasho limemtoka. Mbao zimekunywa unyevu, zimevimba. Ndimi zote nane ziko hivyo.

"Mjomba, mzee alikosea vipimo," akasema.

Imenichoma.

Jumamosi, 24 Machi

Siku mbaya, kisha njema.

Bakari amechukua randa akaanza kupunguza ndimi. Nilimweleza kwamba mti uliovimba utasinyaa kiangazi, na ulimi uliopunguzwa leo utacheza tunduni. Kitanda kitalia. Akasema heri kinacholia kuliko kisichokuwapo. Alikwisha kupunguza mmoja.

Mwanaidi akaisikia randa kutoka ndani. Sijamsikia dada yangu akipaza sauti tangu tulipokuwa wadogo. Amesimama mlango wa uani, ushungi umemwanguka mabegani.

"Bakari! Weka chini hiyo randa!"

"Mama, sasa Saumu nimpelekee nini? Mzigo wa kuni?"

"Baba yako alipokuwa akiunga vitanda, mimi nilikuwa nafanya nini?"

"Ukikaanga njugu."

"Haya. Kaa chini."

Bakari akakaa. Na mimi nikakaa.

Nami nakumbuka. Kila Mbwana alipounga kitanda, uani kwake kulinukia njugu. Mafundi aliowafundisha walibaki kibandani. Yeye alibeba mbao akaingia nazo uani kwa wanawake, mlango ukafungwa. Baadaye watoto wa mtaa mzima walitoka na njugu viganjani. Tulidhani ni sadaka ya kazi. Mimi nilidhani dada yangu anamwonea huruma mumewe kwa njaa.

Kumbe hivi, Mwanaidi akatueleza. Njugu hukaangwa kwa mchanga wa pwani ndani ya chungu. Ndimi zilisimamishwa ndani ya mchanga uleule. Joto linafukuza maji, ulimi unasinyaa, unaingia tunduni bila ugomvi. Ukishaingia unakunywa tena unyevu wa hewa, unavimba humo humo. Hautoki tena. Haupati pa kucheza, basi hauna cha kulilia. Na njugu ndizo kipimo. Ganda jembamba likitoka kwa kufikicha, ulimi uko tayari. Njugu ikiungua, na mti umeungua.

Aliyeangalia njugu ni Mwanaidi. Miaka yote. Vitanda vyote. Yeye ndiye aliyesema "sasa," na Mbwana akapiga.

Nilipouliza mbona hakutuambia, akashangaa. "Mliuliza lini, kaka?"

Jumatano, 28 Machi

Mazoezi uani, kwa vipande vya mbao. Kitanda kikishaungwa hakifunguki, na mlango wa nyumba ya Kigombe ni mwembamba, kikiwa kizima hakipiti. Lazima kiungwe Kigombe, chumbani mwa maharusi. Mwanaidi hawezi kwenda, eda haijaisha. Kwa hiyo Bakari lazima ajue kila kitu kabla hatujaondoka.

Kipande cha kwanza amekiunguza. Mama yake akamtupia njugu nyeusi kifuani. "Hii ndiyo harusi ya dada yako?"

Jioni amepata vitatu mfululizo. Anafikicha njugu kwa kidole gumba, kichwa upande. Baba yake kabisa. Mwanaidi ameona pia. Ameingia ndani.

Tatizo ni ule ulimi aliopunguza. Bakari amefikiri peke yake. Ataupasua kichwani kidogo, atie kabari nyembamba ya mvule, ili ukigongwa kabari iutanue ndani ya tundu. Mama yake amesema Mbwana hakufanya hivyo. Kisha akasema, "Mbwana hakuharibu."

Naogopa.

Alhamisi, 5 Aprili

Kigombe. Tumekuja kwa lori, mbao zimefungwa turubai, chungu nimekipakata mimi. Tope njia nzima.

Nyumba ya bwana harusi imejaa wanawake. Bakari akaomba moto, akamimina mchanga chunguni, akatia njugu, akachuchumaa. Bi Kibibi, shangazi wa bwana harusi, mama mwenye mwili na kauli, akaita wenzake waje kuona.

"Jamani, huko Tanga fundi hupika! Na mkewe je, ndiye anayeranda?"

Wakacheka hadi wengine kukaa chini. Bakari hakuinua uso. Aliendelea kufikicha njugu.

Ulimi wa kwanza ukaingia. Wa pili. Kicheko kikapungua. Mti ulikuwa unazama katika mti kama kidole katika pete. Nimeishi miaka mingi, nimesoma vitabu vya dini na vya dunia, sijaona kitu kilichonifunga mdomo namna ile. Mtu yuko kaburini na vipimo vyake vinakutana. Hakukosea hata upana wa ukucha.

Ulimi wa kabari aliuacha wa mwisho. Alipiga mara moja, akasikiliza. Akapiga tena. Mlio ukabadilika ukawa mzito. Akaacha nyundo.

Kamba za ukindu zikasukwa mpaka alasiri. Kisha Bi Kibibi akasema kitanda hukaguliwa na wakubwa. Akakikalia kwa kishindo. Akajigeuza. Akahamia kila pembe, hata ile ya kabari. Nilisikia mvua kwenye makuti, na pumzi yake.

"Bubu," akasema. Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, "Huyu baba alimpenda mwanawe."

Njugu zikagawiwa.

Jumamosi, 7 Aprili

Nimerudi Tanga. Harusi imekwisha salama. Saumu alilia alipokiona, akapitisha mkono kwenye mfumbati kutoka mwisho hadi mwisho.

Mwanaidi alikuwa ananingoja nyuma ya mlango. Sikuulizwa habari ya nguo wala ya chakula.

"Kinalia?"

"Bubu."

Akageukia ukuta. Nikamwacha. Baadaye akauliza kama watoto walipata njugu. Nikasema walipata wote.

"Haya," akasema, akaenda kutawadha.

Jumatatu, 9 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Sikutoka.

Kitanda changu alikitengeneza Mbwana nilipooa. Mke wangu alifia juu yake, Mungu amrehemu. Wanangu wote walizaliwa juu yake. Leo nimekaa ukingoni, nikafumba macho kama alivyokuwa akifanya yeye. Nimejisogeza kushoto. Nimejisogeza kulia. Nimelala, nikageuka, nikaketi tena.

Hakuna sauti. Haijapata kuwapo, na mpaka leo sikuwa nimesikiliza.

Nimekaa hapo mpaka adhuhuri.