Bomba Ulilolivika Gunia

Temeke, Jumapili alasiri

Mtani wangu Kondo,

Leo ni wiki ya tano tangu tukulaze kule Tandika. Mazikoni sikufanya utani hata kidogo. Jamaa zako Wazaramo walinisubiri, maana walijua Mnyamwezi lazima alizuie jeneza njiani, adai kitu, awachekeshe waliofiwa. Mimi nilisimama nyuma, kofia mkononi. Wakadhani ni majonzi tu. Majonzi yalikuwepo, lakini nilikuwa na aibu pia, na aibu hiyo ndiyo inayoniandikisha barua hii.

Unakumbuka mwaka ule kuni zilipoadimika? Lori la kuni za mikoko kutoka Rufiji lilikuja siku lilipotaka, na boila letu halikujua kungoja. Mashuka ya hospitali na ya mahoteli yalirundikana yakisubiri maji ya moto na mvuke wa pasi. Bwana meneja akatangaza kwamba kuni zikiendelea kuliwa namna ile, atafunga kiwanda cha kufulia siku tatu kila wiki. Sote tulinywea. Wewe ulinishika mkono, ukanitoa ofisini, ukanipeleka uani kwenye lile bomba la chuma linalotoka kwenye boila hadi chumba cha pasi. Ukalitupia kitambaa kilicholowa. Kikakauka huku tukikitazama.

"Umeona, mtani? Mie na mwenzangu Mbaraka tunachochea tangu alfajiri, kumbe tunaipasha moto Temeke nzima."

Ukaniambia lifunikwe kwa udongo wa mfinyanzi, majivu na makumbi ya nazi yaliyopondwa, kisha livikwe gunia juu. Ukaniomba nimwandikie meneja kwa Kiingereza, kwa kuwa wewe kazi yako ilikuwa kutia kuni na hakuna aliyekuuliza neno. Nikaandika. Lakini niliandika "mimi naona," sikuandika "Kondo anaona." Nilijiambia kwamba neno la karani litasikilizwa upesi zaidi. Huo ulikuwa ukweli nusu. Nusu ya pili unaijua.

Wewe na Mbaraka mliifanya kazi ile wiki nzima, mikono ikachubuka. Rundo la kuni lililokuwa likiisha Alhamisi likafika hadi Jumatatu ya pili. Kiwanda hakikufungwa hata siku moja. Meneja akaniita mbele ya watu wote, akanishika mkono, akanipa meza ya karani mkuu, ile ya dirishani. Nilikutafuta kwa macho. Ulikuwa mlangoni, majivu yamekujaa hadi kwenye kope, unacheka.

"Ama kweli nyie Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo ya watu," ulisema tulipotoka. "Hata sifa zangu umezibeba!"

Nikacheka nawe. Mungu anisamehe, nilicheka.

Halafu likaja jambo ambalo si wewe wala mimi aliyelifikiria. Meneja alipoona kuni zimepungua, akasema mtu mmoja anatosha kwenye boila. Barua ya kumwachisha Mbaraka kazi niliipiga taipu mimi, juu ya meza ile ile. Ukabaki peke yako: kupasua, kubeba, kuchochea, kuzoa majivu. Kifua kikaanza kukusumbua. Mara mbili ulikuja dirishani kwangu. "Mwambie bwana anirudishie mwenzangu, japo asubuhi tu." Nikakujibu nitasema. Sikusema. Niliogopa kwamba akianza kunihoji habari za boila, atagundua sijui kitu.

Asubuhi uliyoanguka kwenye rundo la kuni, wafuaji ndio waliokubeba hadi kwenye mkokoteni. Hospitali ulikaa siku tatu. Nilikuja siku ya pili, nikakukuta umelala, nikaondoka kabla hujaamka. Ningeweza kungoja. Kondo, ningeweza kabisa kungoja.

Sasa nikueleze ya baada yako. Mahali pako wameajiriwa watu wawili. Wawili! Kisha mvua zilipoanza, udongo ukameguka pale bomba linapokata kona. Mvuke ukawa unavuma uani, pasi zikapoa, kuni zikaanza kuliwa kama zamani. Meneja akatukusanya, akaniambia nikitengeneze kitu changu. Nikaitazama ile kona. Sikujua hata pa kuanzia. Nikasema kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie: "Si kazi yangu, bwana. Ni ya Kondo. Mimi niliandika barua tu, nikajitwalia."

"Na Kondo amekufa," meneja akasema, akaingia ofisini. Wafuaji hawakunisemesha siku ile. Kesho yake niliambiwa nirudi kwenye meza yangu ya zamani, karibu na mlango wa stoo.

Jioni ile ile nilikwenda kwako. Mkeo Mwanaidi alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuinua uso.

"Alishaniambia," akasema. "Nilimwambia akadai haki yake. Akasema, mwache, mtani wangu si mtu mbaya, ni mwoga tu. Mie sikukubali, shemeji. Hata leo sikubali." Akapepeta kidogo, kisha akaongeza: "Lakini udongo ule niliuchanganya mie, hapa hapa uani. Mume wangu alikuwa anabania majivu, ukawa unapasuka."

Basi mkeo amekuja, Kondo. Alifunga kanga kiunoni, akaingia uani kwetu mbele ya meneja na watu wote, akaamuru maji, akaamuru makumbi. Mimi nilivua viatu nikakanyaga udongo alivyoniagiza, na kila nilipokosea aliniambia. Ile kona imeshika. Mmoja wa wale wawili ameshindwa na joto, ameacha kazi, na siku ile ile nilimwendea meneja kumwombea Mbaraka. Amerudi jana. Anakohoa naye, nimekwisha kumwambia meneja hilo.

Kuna kiwanda kingine cha kufulia huko Tanga kinachotaka kujua tulifanyaje. Nimeandikiwa niwaeleze. Nimeweka mstari wa kwanza hivi: "Njia hii ni ya Kondo bin Salehe wa Temeke, aliyekuwa mtia kuni wetu; na udongo wake ni wa mkewe, Mwanaidi." Kabla sijaipeleka posta nilikwenda kumsomea mkeo. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia nirudie ule mstari wa kwanza. Nikaurudia. Akataka niurudie tena. Niliusoma mara ya tatu, naye akaingia ndani akafunga mlango.

Pumzika, mtani. Msamaha sikuombi leo, maana anayeweza kunipa kwa niaba yako bado hajataka, na ana haki. Ninaloahidi ni hili: maadamu nina mdomo, hakuna atakayeuliza habari za bomba lile akaondoka bila kulijua jina lako.

Mtani wako,
Petro