Jina Langu Limekwama Kwenye Simu za Wakulima

Mpendwa Shangazi Annastella, shikamoo. Naomba unisikilize hadi mwisho ndipo ucheke, maana kila niliyemweleza hapa Nshambya amecheka kwanza, hata mama yangu mzazi, halafu ndipo akasema pole.

Naitwa Mastura, nafanya kazi katika ofisi ndogo hapa Bukoba inayotengeneza programu ya simu kwa wakulima wa migomba, yaani mkulima anapiga picha ya jani, anaituma, na simu inamjibu kwa rangi kama mgomba una ugonjwa wa mnyauko au hauna, na kazi yangu si kutengeneza programu bali kuandika mwongozo, kile kijitabu kinachomweleza mkulima abonyeze wapi na kila rangi ina maana gani, na anayetengeneza programu yenyewe ni Riyadhi, ambaye sitakuficha Shangazi, ni mchumba wangu, na wazee wake wanatarajiwa kuleta posa baada ya Idi.

Programu ina matoleo mawili, la zamani kwa simu za zamani na jipya kwa simu mpya. Mwanzoni yaliitwa Toleo la Kwanza na Toleo la Pili na mimi nilikuwa nalala vizuri, mpaka bosi wetu aliposema wakulima hawapendi namba, wanapenda majina ya nyumbani, basi la zamani likaitwa Rubisi na jipya likaitwa Senene kwa kuwa lilitoka msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, nikakaa nikabadilisha mwongozo mzima. Haukupita muda wazee wa msikitini wakauliza kwa upole kwa nini simu za waumini zimeandikwa jina la pombe ya ndizi, bosi akaona aibu, akaamua kwamba lile la zamani lisiitwe Rubisi tena bali lichukue jina la Senene, na jipya litafutiwe jina lingine, na kabla hatujakaa kulitafuta Riyadhi akawa ameshaliandika na kulituma kwenye simu zote. Aliliita Mastura.

Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Nilifurahi siku moja. Siku ya pili mkulima akapiga simu ofisini kulalamika kwamba Mastura anakula bando, mwingine akasema Mastura amekwama tangu asubuhi na hata akizimwa haamki, mwingine akauliza afanyeje ili amwondoe Mastura amrudishe yule wa zamani, na mpokea simu ni mimi mwenyewe, naitikia tu "ndiyo baba, nimekuelewa," bila kuthubutu kutaja jina.

Hayo ningeyavumilia. Lililonileta kwako ni la Mama Jovita wa Kagoma, mjane mwenye kibanja, yaani shamba la migomba, alichoachiwa na mama mkwe wake, migomba yake ndiyo chakula chake. Simu yake ni ya zamani. Alipiga picha za migomba yote ya nyuma ya nyumba na kila picha ikarudi nyekundu, akaangalia juu ya simu akaona imeandikwa Senene, akafungua mwongozo kwenye ukurasa wa rangi, akakuta maneno niliyoyaandika mimi: Senene ikionyesha nyekundu, mgomba unaumwa, ung'oe na kuuzika. Maneno hayo yalikuwa ya kweli wakati Senene lilikuwa jina la toleo jipya. Kwenye toleo la zamani nyekundu maana yake ni kwamba picha haionekani vizuri, piga tena. Nilikuwa nimerekebisha kurasa za mwanzo, ukurasa wa rangi ukanipita.

Mama Jovita aling'oa safu nzima. Kisha akanipigia kwa heshima zote akasema, "Waitu mwanangu, nimemaliza nyuma ya nyumba. Sasa na ya mbele imekuwa nyekundu. Niing'oe nayo?"

Nilimwambia asiguse kitu. Bwana shamba alipofika aliikagua migomba iliyolala akakuta ni mizima yote, na kamera ya simu ilikuwa na mafuta ya jikoni. Sasa bosi anasema nirekebishe ule ukurasa kimyakimya, na mama yule akiuliza aambiwe alisoma vibaya, na nilipomwomba Riyadhi aondoe jina langu tuanze upya kwa utulivu alininunia, akasema nikilikataa jina nimemkataa na yeye, na mimi naogopa nikisema ukweli nitapoteza kazi, nikilazimisha jina litoke nitapoteza mchumba, na nikinyamaza sijui nitamtazamaje yule mama. Nifanye nini Shangazi?

Mastura, Nshambya.

*

Mastura mwanangu, marahaba. Nimecheka, unisamehe. Nilipofika kwenye habari za Mama Jovita nikaacha kucheka, ndiyo maana nilikupigia simu siku ileile badala ya kungoja gazeti.

Wasomaji hawajui tuliyoongea, kwa hiyo niwaambie. Nilikwambia uende Kagoma ukamweleze mwenyewe kwa mdomo wako, na Riyadhi uende naye. Ukaniuliza bosi atasema nini. Nikakujibu kwamba kumsingizia mjane hakumo katika kazi uliyoajiriwa. Ulilia kidogo, lakini ulikwenda.

Na baadaye ukanisimulia. Mama Jovita aliwasikiliza bila kuwakatisha, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi sikusoma vibaya?" Ukamjibu, "Hapana mama. Ulisoma vizuri. Mimi ndiye niliyeandika vibaya." Uliniambia hapo ndipo ulipogundua kwamba tangu ile siku yule mama alikuwa anajiona mjinga, na kwamba hilo lilimuuma kuliko migomba. Kisha akaingia ndani, akatoka na jembe, akampa Riyadhi. Mchumba wako akachimba mashimo ya kupandia machipukizi mpaka viganja vikatoka malengelenge, na njiani kurudi, bila wewe kumkumbusha, akasema jina lako ataliondoa. Mwanamume wa namna hiyo usimwache. Anahitaji tu kuangaliwa anapokuwa karibu na kompyuta.

Sasa zamu yako ya kukemewa. Jina lako lilikulewesha. Mtu mwenye akili zake hubadilisha jina kwenye kurasa za mwanzo akaacha za katikati? Na bosi wako amefanya kosa kubwa zaidi, kulivua toleo moja jina na kulivalisha lingine. Kwetu Muleba mtoto hupewa jina la babu yake, lakini babu akiwa bado yupo nyumbani tunasema Gozbert mkubwa na Gozbert mdogo, la sivyo dawa ya mmoja itanywewa na mwingine. Hilo hata asiyesoma analijua. Ninyi wenye kompyuta liliwapitaje?

Rudini kwenye Toleo la Kwanza na Toleo la Pili. Namba hazileweshi, haziulizwi msikitini, na hakuna anayezichumbia. Jina lililokwisha kutumika lisipewe toleo lingine kamwe, hata kama ni zuri. Kila ukurasa wa mwongozo uandikwe juu kabisa ni wa toleo lipi, na majina ya zamani yatajwe pembeni, "hili zamani liliitwa Rubisi, kisha Senene," mpaka mkulima wa mwisho ayasahau, maana wakulima wa mbali kule Ngenge hawakuwa kwenye kikao chenu mlipobadilisha. Jina lisibadilike kwenye simu kabla mwongozo haujawa tayari. Na ukishaurekebisha, kaa chini na simu mbili, ya zamani na mpya, usome ukurasa kwa ukurasa ukibonyeza kila unachosema. Inachosha, najua. Kung'oa migomba kunachosha zaidi. Halafu mwambieni Riyadhi afikirie kwa nini rangi moja iwe na maana mbili. Hilo si la kwako peke yako.

Bosi mwambie kwa adabu, mbele ya wenzako, kwamba Mama Jovita ameshaambiwa ukweli. Akikasirika, akasirike. Atahitaji mtu wa kuandika mwongozo, na hakuna mwingine anayejua majina yote mliyowahi kuyatumia.

Posa ije baada ya Idi kama ilivyopangwa, na Riyadhi akitaka kukusifu akununulie kitenge.

Lakini kuna moja ambalo haliwezi kungoja Idi wala mwongozo mpya. Wakulima wenye simu za zamani bado wanao ule ukurasa mikononi. Kesho, ofisi ikifunguliwa, usiandike hata mstari mmoja. Chukua simu, wapigie mmoja baada ya mwingine, uwaambie: ikiwa nyekundu, futa kamera, piga picha tena, na panga liache ukutani.