Hakuacha, Ameachishwa

Makorora, Tanga
19 Mei 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Unisamehe sana kwa kukawia kuandika. Tangu nimlete Nasri kwako, mwezi na nusu huu, sijakutumia hata mstari mmoja. Kalamu nilikuwa naishika, naandika "Shikamoo Mama", naiweka chini. Nilikuwa nangoja niwe na la kukuambia. Sasa ninalo, ila si lile tulilolitaka.

Mgongo wako u hali gani? Mdogo wangu Mselem ameacha kukohoa? Sisi wazima. Zubeiri yuko zamu ya usiku kiwandani. Nasra anaendelea na darasa la kwanza, kazi yake kupoteza penseli.

Mama, ile safari ya Ulaya hatuendi. Si unajua tulialikwa wote kumi na wawili, tukapige vugo letu, pembe na nyimbo zetu za harusi, kwenye matamasha yao wiki sita, na ndiyo sababu nikakuletea mtoto umwachishe ziwa. Alhamisi Edgar, kijana anayetushughulikia safari, katuita ukumbini. Kasema, "Mama zangu, bajeti imekatwa." Bi Asmahani kamwuliza, "Imekatwa au imekatika? Maana kama imekatika tu, tutaipiga fundo." Tukacheka. Edgar hakucheka. Kasema serikali ya wenyeji wetu imepunguza fungu la kualika wasanii wa nje, zimebaki tiketi tano. Atakwenda Bi Asmahani anayeongoza nyimbo, na wapiga pembe wanne. Sisi waitikiaji tubaki.

Beatrisi, mwitikiaji mwenzangu, alishaacha kazi yake ofisi ya mkonge. Alikaa pale anaifungua pasi yake na kuifunga, mpaka mlinzi akaja kufunga ukumbi.

Kwa hiyo sababu ya Nasri kukaa huko imekwisha. Maziwa bado yananijaa, naamka leso imelowa. Niambie siku gani nije kumchukua. Simu sipigi, kama ulivyonikataza, asije akasikia sauti yangu akaanza kulilia ziwa.

Mwanao,
Shadya


Moa
24 Mei 2025

Mwanangu Shadya,

Marahaba. Barua nimepewa na dereva wa gari ya Tanga, inanuka samaki lakini imesomeka. Mgongo unaniuma nikiinama, basi siinami. Mselem mzima, kikohozi kimempa talaka.

Pole kwa safari. Hao waliokata hizo fedha wangewapa habari kabla watu hawajaachisha watoto.

Nasri hajambo. Siku za mwanzo alilia mpaka jirani akaja kuuliza kama tunachinja. Sasa ameacha ziwa. Anakula ugali kwa samaki taa wa nazi, anakula muhogo, na jana kala kiazi changu nilichojifichia chini ya kawa.

Ya kumchukua, hapana kwanza. Wewe mwenyewe umesema maziwa yanajaa. Akikuona atarudia, na ziwa lililolala halinyonywi, litamharisha. Nakujua mimi, moyo wako siagi. Akilia mara mbili utamtolea. Ngoja yakauke. Usije mpaka nikwambie.

Nisalimie mkwe wangu, na umwambie Nasra penseli huwa haina miguu.

Mamako


Makorora, Tanga
11 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini Idi ilikwenda vizuri baada ya mimi kuondoka. Watu wa hapa wote wanakusalimu.

Najua hukuniita. Lakini Idi mtu haalikwi kwa mamake. Nimeshuka Moa na kanzu ya Nasri mkononi, nimeishona mwenyewe, nikaambiwa mmempeleka Maramba kwa mama mdogo tangu jana yake. "Kaenda kutembea," ukasema. Mama, mtoto wa mwaka na miezi minne anakwenda kutembea kumtembelea nani? Nilikula pilau yako, nikaosha vyombo, nikaondoka. Sikutaka kubishana nawe mbele ya wageni. Ndiyo maana naandika.

Umeandika kwamba ameacha ziwa. Hakuacha. Ameachishwa. Wanangu wote wawili ni mimi ninayejua nani kaacha nini. Nasra aliacha mwenyewe, alinisukuma kwa mkono akaenda kucheza. Huyu tulimkata katikati, kwa ajili ya safari, na safari yenyewe haipo. Basi arudi.

Huku wametupatia kazi sisi tuliobaki. Edgar anasema tiketi zimepunguzwa lakini sauti haihitaji tiketi. Juzi tumeingizwa chumba kimoja Chumbageni, madirisha yamezibwa kwa magodoro, tukaitikia nyimbo zote mbele ya maikrofoni, wakaturekodi. Tukawa tunamsikia Bi Asmahani masikioni, hatumwoni. Wewe umecheza vugo, unajua. Akinyanyua nyusi tunangoja, akizungusha shingo tunaingia. Sasa nyusi tutazionea wapi? Beatrisi akauliza, "Tunamwitikia nani humu, godoro?" Walipomaliza wakatupa soda na ahsante. Sauti zetu zitakwenda Ulaya ndani ya kiboksi, sisi tutabaki tunashona.

Zubeiri ananiambia mwache mtoto kwa bibi yake, nawe upumzike. Nimechoka kweli. Sare za shule zimejaa mpaka kitandani na vidole vinakufa ganzi. Lakini nikikaa kupumzika macho yanakwenda mlangoni. Naomba umtoe Maramba, nije nimchukue kwa heshima, mbele yako.

Mwanao,
Shadya


Makorora, Tanga
9 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. U mzima? Barua yangu ya mwezi wa sita hujaijibu. Dereva anasema alikupa mkononi ukaitia kifuani bila kuifungua mbele yake.

Bi Asmahani na wenzake wameondoka jana. Tumewasindikiza mpaka stendi, tukawapigia pembe na kuimba palepale, abiria wa mabasi mengine wakashuka kuangalia. Bi Asmahani alilia. Kasema atakuwa kama bibi harusi aliyekwenda na sanduku bila somo wake.

Maziwa yamekauka. Nakuambia ili usiwe na sababu tena.

Nijibu.

Mwanao,
Shadya


Moa
3 Agosti 2025

Mwanangu,

Marahaba, na samahani. Tu wazima wote. Sikukujibu kwa sababu jibu nililokuwa nalo lisingekupendeza.

Babako alipofariki, na Mselem naye hushinda baharini, nyumba hii ilibaki na redio. Naizungumzisha, hainijibu. Nasri alipokuja akaanza kuniita kila nikitoka chumba hiki kwenda kile. Nikaona basi, akae mpaka aanze chuo cha Kurani, kama wewe ulivyokaa kwa bibi yako. Nikajiambia, Shadya bado kijana, atapata mwingine. Nilimtoa Maramba siku ileile uliyoondoka. Hapa amekuwa muda wote huo, nami nimekaa kimya.

Sasa sikiliza. Ijumaa asubuhi Mselem kaja na simu, "Njooni muone vugo limefika Ulaya!" Tukakaa. Jukwaa kubwa, na wale watano juu yake wamepwaya kama meno ya mzee. Bi Asmahani anaimba, boksi linaitikia. Mara akaongeza maneno yake, unamjua hawezi kujizuia, boksi likamkata kauli. Akaligeukia, mkono kiunoni: "Nyamazeni nyie wa kwenye boksi, sijamaliza!" Wazungu wakampigia makofi, wakidhani ndiyo mchezo. Mselem kaanguka kwa kicheko.

Nasri alikuwa anakula uji. Boksi likaitikia tena. Mle ndani mna sauti moja imepanda juu ya nyingine, mimi sikuijua upesi. Yeye aliijua. Akaacha kijiko, akainuka, wala simu hakuitazama. Akaenda chumbani, akafunua pazia. Akachungulia uvunguni. Akaenda jikoni, akatoka mpaka mlango wa choo, akaupiga kwa kiganja. Akarudi kunishika leso, ananivuta nikamtafutie. Hakulia, Shadya. Angelia ningempakata akanyamaza, hilo nimelizoea. Mselem akaizima simu. Mtoto akaenda kukaa kizingitini, akakataa kuingia ndani.

Uliponiandikia kwamba ameachishwa nilikasirika. Nilisema mtoto wangu ananifundisha Kiswahili. Leo nakwambia, ziwa nilimwachisha. Nikataka kumwachisha na wewe. Hilo limenishinda.

Sema unavyotaka, nitafanya.

Mamako


Makorora, Tanga
5 Agosti 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye cherehani, nikamshonea mtoto wa watu mkono wa shati kwenye kola. Nimefumua, sasa ndiyo naandika. Tu wazima. Zubeiri kaisoma naye, kaenda kukaza miguu ya kitanda.

Hasira nilikuwa nayo. Nimeitumia yote mwezi wa saba, sasa imebaki haja ya kumwona. Ziwa simpi, hilo umeshinda, na halipo tena. Lakini mtoto hakai kwa bibi kwa sababu bibi ana upweke. Bibi anakuja kukaa kwa mtoto. Nyumba yetu ndogo, ila kelele zipo za kutosha, redio hutaifungua.

Bi Asmahani amempigia Beatrisi. Anasema Edgar kamnong'oneza kwamba mwakani fungu likikatwa tena wataalikwa wawili na boksi. Kamjibu liende boksi peke yake, na wapige picha nalo. Beatrisi amepata kibarua Pongwe, si kama kile cha kwanza.

Sasa naomba unitumie hivi. Nasri mwenyewe, Alhamisi, kwa gari ya asubuhi, nitakuwa stendi kabla hamjafika. Wewe uliyempakata, na nguo zako za kukaa mpaka mwisho wa mwezi au zaidi. Kadi yake ya kliniki, maana chanjo ya mwaka na nusu imefika. Shuka analolalia, usilifue, lije na harufu anayoijua. Taa mkavu, kama Mselem anaye. Kile unachomwimbia akilala, mstari kwa mstari, nisije nikamwimbia kingine akaona nimekosea.

Na maneno yake, Mama. Amejifunza kusema bila mimi. Ukiwa garini niandikie kila neno analolisema na maana yake: akitaka maji anasemaje, akiumwa anasemaje, akisikia usingizi anasemaje. Na mimi ananiitaje, kama ananiita. Usiache hata moja.

Mwanao,
Shadya