Kwenye Karatasi Wote Wembamba

Jumatatu, 4 Oktoba 1954
Nimepima abiria tisa. Wote wamenuna. Mizani iko mlangoni, kila mtu anaona sindano inakwenda wapi. Mgiriki wa tumbaku wa Iringa kafika ratili mia mbili na arobaini. Mama mmoja nyuma yake kacheka. Mgiriki kawa mwekundu mpaka shingoni. Nilimwonea huruma, lakini nifanyeje? Mbeya iko juu, hewa nyepesi. Ndege ikizidi uzito hainyanyuki.

Alhamisi, 7 Oktoba
Ndege ndogo ya ile kampuni mpya imetua tena. Wao hawapimi mtu. Unapanda tu, na biskuti unapewa. Mgiriki kahamia huko. Sisi leo abiria wanne.

Jumatatu, 11 Oktoba
Barua kutoka makao makuu. Viti vikiendelea kuwa vitupu, ndege yetu haitatua tena Mbeya. Itapita juu kwenda zake. Basi na kazi yangu kwisha. Naogopa. Sijamwambia mke wangu, Tusekile. Chakula hakikupita.

Jumanne, 12 Oktoba
Bwana Pereira, mkuu wa kituo, kaja na dawa yake. Mizani iwekwe stoo, abiria waandike uzito wenyewe. Nilimwambia watadanganya. Akasema, "Ambakisye, mteja hadanganyi." Haya.

Alhamisi, 14 Oktoba
Loo! Kwenye karatasi wote wembamba. Bibi wa misheni kaandika mia na ishirini. Nimebeba magunia ya kahawa Tukuyu miaka sita. Jicho langu linasema mia na sabini. Na wengine vivyo hivyo. Nikajumlisha kichwani: tumezidi ratili mia mbili na ushee. Saa saba mchana, jua kali, hewa nyepesi zaidi. Nilikwenda moja kwa moja kwa rubani. Akamshusha bwana mmoja na masanduku yake yote. Yule bwana kanitukana, kaenda kwa watu wa biskuti. Bwana Pereira hakunitukana. Kaninyang'anya kitabu changu cha uzito. Bora angetukana.

Jumamosi, 16 Oktoba
Sina usingizi. Wateja wachache tulionao, mimi nawafukuza. Lakini ningefanya tena.

Jumanne, 19 Oktoba
Ndege ndogo imeondoka mchana, imejaa. Ilikimbia, ikakimbia, uwanja ukaisha. Ikapita juu ya mikaratusi kwa shida, majani yakadondoka. Nilishika kichwa. Ikazunguka, ikarudi, ikatua. Wote wazima, Mungu mkubwa. Mgiriki kashuka, akavuka uwanja mpaka kwetu. Kaingia stoo mwenyewe, kavua kofia, kavua na viatu, akapanda mizani. Wenzake wakapanga foleni nyuma yake. Bwana Pereira akanirudishia kitabu changu cha uzito.

Jumatatu, 25 Oktoba
Wiki nzima tumejaa. Watu wanapanda mizani wanataniana. Mgiriki kapungua ratili mbili, anatangaza kwa kila mtu. Nimecheka leo.

Ijumaa, 29 Oktoba
Barua ya pili. Wametazama viti vya miezi iliyopita, si vya wiki hii. Mbeya imefutwa. Bwana Pereira kanisomea mara mbili. Mara ya pili hakuimaliza, kaikunja.

Jumamosi, 30 Oktoba
Ndege ya mwisho imeondoka asubuhi. Rubani kanipungia mkono. Mizani inakwenda ghala la kahawa Tukuyu, na mimi wamenikubali tena huko. Kabla haijapakiwa kwenye lori nikapanda. Miaka minne napima watu, sijawahi kujipima. Nilijikisia mia na sitini na tano. Sindano ikasimama mia na arobaini na nane. Nikashuka, nikapanda tena. Ile ile.

Jioni nimemwambia Tusekile yote. Anasema alijua zamani kuna jambo, kwa sahani nilizokuwa nazirudisha zimejaa. Hakuuliza, alisubiri niseme. Kapika ndizi. Nimekula sahani mbili.